Mlio wa Upawa

Kama Mama Holo angekuwa mtu wa kumeza hasira zake, Nyanzobe asingegundua kitu. Bahati nzuri, au mbaya, Mama Holo hakuwa mtu wa namna hiyo. Asubuhi ile dereva alikuwa ameleta magunia ya magadi yaliyolowa, na mama wa watu akamshukia kabla hajazima gari.

“Haya ni magadi au uji?”

“Mama yangu, mvua imenikuta njiani.”

“Mvua ya wapi, kiangazi chote hiki? Sema uliegesha gari kisimani ukaenda kunywa pombe.”

Mama Holo alikuwa tayari amepanda kwenye ukingo wa tangi la maji, mabuti ya mpira miguuni, upawa wake mrefu wa chuma mkononi. Kwa mazoea akaugonga upawa kwenye ukingo, ko, ko-ko, kama alivyogonga kila asubuhi tangu Nyanzobe akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Halafu akakumbuka kwamba kuna tusi hajalimaliza, akamgeukia dereva tena. Upawa ulikuwa mtupu. Hakuna hata punje ya magadi iliyoanguka majini.

Nyanzobe, mkemia wa maji wa mji wa Isangabuli, alikuwa upande wa pili wa tangi akichota maji ya kupima. Ni yeye peke yake aliyekuwa anatazama chini. Akamwona Mlenda anafunguka.

Wenyeji walimwita Mlenda, na walimtaja kama mtu, kwa kuwa alikula na alilala. Kwenye nyaraka za Mamlaka ya Maji aliitwa polima ya kuchuja. Kazi yake ilikuwa kuyanasa madini ya risasi yaliyovuja kutoka kwenye machimbo ya zamani juu ya kilima, ili yasifike mabombani. Alilijaza tangi lote: nyuzi laini zisizo na idadi, zenye utelezi, zilizoning’inia kwenye fremu na kushikana mpaka zikawa mwili mmoja mkubwa kama chumba cha darasa. Maji ya bwawa yalipenya katikati yake. Akiwa na njaa alijikunja, akawa mgumu na mweupe. Akilishwa magadi alivimba, akawa laini na mwangavu, hata ukaiona sakafu ya tangi kupitia mwilini mwake.

Na sasa alikuwa anavimba bila kulishwa.

“Mama Holo, hebu mwache kidogo huyo kaka,” Nyanzobe alisema. “Umemwaga magadi?”

“Nimwage yapi? Hayo ya kukandika ukuta?”

“Hata kidogo tu?”

“Nyanzobe, sijazeeka kiasi cha kutojua mkono wangu umefanya nini.”

Nyanzobe alichuchumaa, chupa ya kupimia ikiwa bado inadondosha maji kwenye sketi yake. Mlenda alivimba mpaka akagusa ukingo, akatulia hapo kitambo, kisha akaanza kusinyaa taratibu, kama mtu aliyesikia hodi, akaenda mlangoni, akakuta hakuna mtu.

*

Jioni Sayi alitoka shule akapitia maabara kama kawaida yake, akatupa mkoba chini na kudai aonyeshwe kitu. Alikuwa na miaka minane na hakukubali kurudi nyumbani mikono mitupu. Nyanzobe akatumbukiza kipande cha uzi wa Mlenda kwenye glasi ya maji yenye magadi. Uzi ukavimba hadi ukaonekana kwa shida.

“Huu uzi una chaji hasi kuanzia huku mpaka huku,” alimwambia mwanawe. “Ndani ya magadi kuna sodiamu, na ioni zake zina chaji chanya. Kwa hiyo zinauzunguka uzi. Lakini kila ioni ya sodiamu imejivika koti la maji na haitaki kulivua, basi inazurura tu hapo jirani. Nyuzi zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, maji yanajaa katikati. Ndiyo kuvimba huko.”

“Na risasi?”

“Tazama.”

Akadondosha tone moja kutoka kwenye chupa yenye alama ya fuvu. Uzi ulijikunja pale pale, ukawa mweupe, ukazama.

“Ioni ya risasi ina chaji mbili. Ikifika inalivua koti lake, inakaa hasa. Inashika uzi huu na uzi wa jirani kwa pamoja, nyuzi zinafungana. Na kila risasi moja ikikaa, sodiamu mbili zinaachiwa ziende zao.”

“Mbili kwa moja?”

“Mbili kwa moja. Watu hudhani uzi unaivuta risasi kwa nguvu tu, basi. Kumbe sehemu kubwa ya nguvu iko kwenye kile kinachoachiwa. Sodiamu zinapata uhuru, maji ya lile koti yanapata uhuru, na ndipo risasi inafungwa kisawasawa.”

Sayi aliusogeza uso mpaka pua ikagusa glasi. Alipoinua mkono kujikuna, Nyanzobe alikiona kibandiko kwenye kiwiko chake, kile ambacho watoto wote wa Isangabuli walivaa ili kupima risasi katika damu. Mwanzo wa muhula kilikuwa kijani. Baadaye kikawa njano. Sasa kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana jikoni.

“Leo mwalimu aliniuliza nne mara saba,” Sayi alisema bila kugeuka, “nikasahau. Jana nilikuwa naijua.”

Nyanzobe alimfuta makamasi ambayo hayakuwepo, apate tu kumshika uso. Aliogopa, na hofu yenyewe ilikuwa na sababu moja iliyo wazi kabisa. Mlenda alikuwa amejaa. Tangu alipowekwa tangini hakuna aliyewahi kumwosha, na risasi iliyokosa pa kukaa ilikuwa inapita moja kwa moja, ikianzia bomba la shule lililokuwa karibu zaidi.

*

Lakini kile kisa cha upawa hakikumtoka kichwani. Kesho yake alifika tangini kabla ya Mama Holo, akagonga ukingo kwa jiwe. Mlenda hakujali. Akagonga kwa upawa, haraka haraka, bila mpangilio, na nyuzi za juu zikatikisika kidogo, zikaacha. Akagonga kama agongavyo Mama Holo, ko, ko-ko, na Mlenda akafunguka.

“Kumbe unamchezea mwenzio,” Mama Holo alisema nyuma yake. “Mtu ukimwita mezani, pakua.”

“Shikamoo, mama. Kwa nini unagonga?”

“Marahaba. Nagonga kwa sababu magadi yananata kwenye upawa. Aliyenifundisha kazi aligonga, na mimi nagonga. Ulidhani ni ngoma?”

Hilo tu. Mwanzo wake ulikuwa ni kukung’uta upawa.

Nyanzobe akazamisha vijiti vya kupimia katikati ya Mlenda, na kwa wiki nzima hakufanya kazi nyingine ya maana. Aligundua kwamba Mlenda hakuwa anakula sodiamu yote aliyopewa. Nyingine aliiweka ndani kabisa, na kila mlio wa upawa uliposikika, akiba hiyo ilikimbilia nje kwenye nyuzi za pembeni, zikavimba na kuachana, tayari kwa magadi ambayo hayajafika. Ukelele wa chuma uliyasukuma maji kati ya nyuzi kwa namna ile ile kila asubuhi, na kila asubuhi sodiamu ilifuata. Mwaka baada ya mwaka, risasi na kalsiamu na chuma zilikaa pale msukumo ulipoziacha, zikafunga nyuzi hapa na kuziacha wazi pale, jinsi miguu inavyochora njia kwenye majani bila mtu kupanga. Mwishowe msukumo wenyewe ukatosha.

Kwa hiyo mahali ilipokaa kila ioni ndipo palipokuwa na kumbukumbu ya Mlenda. Sumu ile ile iliyomjaza ndiyo iliyokuwa imebeba yote aliyojifunza. Nyanzobe alilifikiria hilo akiwa amekaa juu ya gunia la magadi, na furaha iliyompanda kifuani ilikuwa ya kitoto kabisa. Alitaka kumwambia mtu. Alitaka pia kuuliza maswali mia. Anaujua mlio mmoja tu? Anamtambua mgongaji? Kipande chake kikiwekwa kando ya Mlenda mpya asiyejua kitu, kitaweza kumfundisha?

Hakupata muda wa kuyajibu. Mhandisi Lutambi wa Mamlaka aliwasili na malori mawili ya tindikali.

*

Lutambi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtia Nyanzobe tabu, maana mbaya ungemkatalia na kulala usingizi. Alikuwa jitu la kicheko kikubwa, aliyemletea Sayi pipi za tangawizi kila alipokuja. Nyanzobe alipomwonyesha kile kisa cha upawa, alishika kichwa kwa mikono miwili.

“Haiwezekani! Hebu tena.”

Nyanzobe akagonga. Mlenda akafunguka.

“Nipe mimi.” Akagonga mwenyewe, akacheka mpaka akatoa leso. Kisha kicheko kikapungua, akabaki anazitazama zile nyuzi zilizotanuka mpaka ndani kabisa, na Nyanzobe akaona wazo limemwingia.

“Mama Sayi, unajua umenirahisishia kazi?”

“Kazi gani?”

“Tatizo la kumwosha ni kwamba amejikunja. Tindikali ikimkuta hivyo inagusa ngozi ya juu tu. Tungeosha kidogo kidogo, mwezi mzima, mabomba yamefungwa, na watu wachote wapi? Kile kisima safi cha mlimani, juu ya machimbo, kitatosha wangapi? Lakini akifunguka namna hii, ni asubuhi moja. Haidrojeni zinaingia mpaka moyoni, zinakalia nafasi za risasi, risasi yote inatoka.”

“Na kila alichojifunza kinatoka nayo.”

“Amejifunza nini zaidi ya kungoja magadi?”

“Sijui. Ndicho ninachotaka kujua. Nipe muda.”

“Muda ninao mimi?” Lutambi alisema kwa upole. “Kibandiko cha mtoto kina rangi gani?”

Nyanzobe alikuwa anajua, na Lutambi naye alikuwa anajua, kwa sababu alikuwa ametoka kumpa Sayi pipi.

“Unaniambia nimwite kwa chakula,” Nyanzobe alisema, “akija, nimmwagie tindikali.”

“Nakwambia tuoshe chujio. Ukitaka kumwita mtu, ni shauri lako, lakini mwisho wa siku ni nyuzi na chumvi. Wewe ndiye uliyenifundisha mimi.”

Ni kweli, ni yeye aliyemfundisha. Na hata sasa, akizipitia hatua moja moja, hakukuta kitu kingine popote ila nyuzi na chumvi na maji. Lakini alipojaribu kujieleza yeye mwenyewe kwa hatua hizo hizo, naye hakukuta kingi zaidi. Hilo hakumwambia Lutambi. Lilikuwa limemkaa vibaya moyoni, na kando yake kulikuwa na Sayi anayesahau nne mara saba. Ukiyapima mambo hayo mawili, mama yeyote anajua mzani utaangukia wapi.

Alikwenda kumweleza Mama Holo, akitumaini kusikia kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu yasiyomhusu. Mama Holo alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida yake. Halafu akamkabidhi upawa.

“Watoto waoshewe maji, hilo sina ubishi. Lakini mimi sigongi. Nimempa chakula miaka yote hii, mkono wangu anaujua. Mkitaka kugonga, gongeni nyie.”

*

Asubuhi ya kuosha, Nyanzobe alikumbuka kibuyu cha maziwa cha mama yake. Mama alikisuuza kila siku, lakini hakukisugua mpaka chini. Siku zote aliacha mgando kidogo ndani, ili maziwa mapya yajue kugandia. Mgeni mmoja aliwahi kukisugua kibuyu hicho kwa sabuni na mchanga kwa nia njema kabisa, na nyumba nzima ikakaa bila mtindi hadi walipoomba mgando kwa jirani.

Akavua viatu, akaingia tangini na kisu. Alikata kutoka katikati ya Mlenda kipande cha kukumbatia, kizito kama ndama aliyelala, akakivuta hadi kwenye kichumba cha pembeni kilichotengwa na lango la chuma. Akafunga lango, akaukaza mpira wake wa kuzibia, uliokwishachakaa.

“Umemkata?” Mama Holo alimuuliza kutoka juu.

“Nimebakiza mgando, mama.”

Mama Holo alilifikiria hilo. “Haya,” alisema, na kwa kinywa chake hiyo ilikuwa sifa.

Mabomba yakafungwa. Lutambi akashika vali ya tindikali, akainua kidole gumba. Nyanzobe akapanda ukingoni, upawa mkononi. Aliutazama mlango wa jengo la tangi, ambako Mama Holo alikuwa amesimama amewapa mgongo, akamfikiria Sayi, kisha akagonga.

Ko, ko-ko.

Mlenda alifunguka. Alifunguka vizuri kuliko siku zote, au ndivyo ilivyomwonekea. Nyuzi zilitanuka hadi ukingoni na kumgusa kidole cha mguu. Lutambi akafungua vali.

Hapakuwa na sauti yoyote, na hilo ndilo asilolitegemea. Mwili wote ule ulisinyaa kuanzia upande wa bomba na kuja huku, haraka, ukigeuka kutoka mwangavu kuwa mweupe, na maji yakawa mazito kwa vilivyokuwa vinatoka ndani yake. Yote yakaelekezwa kwenye matangi ya kuzikwa. Mita ya risasi ilipanda mpaka ikakosa tarakimu. Nyanzobe alilia waziwazi, na Lutambi, ambaye alikuwa na mzaha wa kila hali, alivua kofia.

Baadaye alikwenda kukitazama kile kipande. Kilikuwa kimejikunja pembeni. Akapima maji ya kichumba, akakuta uchachu kidogo. Ule mpira wa lango ulikuwa umevujisha. Kidogo sana, kisichoweza kuondoa kumbukumbu yoyote. Alikisuuza, akakipa magadi, hakulitilia maanani zaidi.

*

Maji yalirudi yakiwa safi kuliko yalivyowahi kuwa. Bomba la shule lilisoma sifuri, na kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa muhula kibandiko cha Sayi kikaanza kupauka. Nyanzobe alikirudisha kile kipande ndani ya tangi, akakifunga kwenye fremu ya ukingoni, nyuzi za zamani zikigusana na zilizooshwa, na akawa anangoja kwa hamu ambayo hakuificha. Alikuwa anakwenda kupata jibu la lile swali lake, kama kipande kinaweza kufundisha.

Mama Holo akauchukua upawa wake tena. Akagonga.

Mlenda aliyeoshwa hakutikisika. Kwake mlio ule ulikuwa kelele tu. Alivimba pale magadi yalipomfikia, si kabla. Hilo Nyanzobe alilitarajia. Ambacho hakukitarajia ni kile kipande. Kiliposikia mlio, kilijikunja kikawa kama ngumi.

“Kinaumwa?” Mama Holo aliuliza.

“Kimechoka labda. Kitazoea.”

Hakikuzoea. Kila asubuhi kilijikunja kabla magadi hayajagusa maji, na kilibaki hivyo muda mrefu baada ya wenzake kushiba. Halafu Nyanzobe akaona kwamba nyuzi zilizokuwa jirani nacho nazo zinasita kidogo. Siku zilizofuata, kusita huko kulienea kwenye fremu ya pili, ya tatu, kukielekea ukuta wa mbali. Alikuwa anafuatilia kwa vijiti vyake, akishangaa, karibu anashangilia, maana lilikuwa jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona: kipande kilikuwa kinafundisha. Kila kilipojikunja kiliwasukumia wenzake maji na ioni kwa namna yake, na wao walikuwa wanalishika somo.

Ndipo asubuhi moja Mama Holo aligonga, na tangi zima likafunga.

Lilifunga mara moja, ukingo hadi ukingo, jeupe na gumu. Magadi yalianguka juu yake, yakayeyuka, yakapita zake. Mama Holo alibaki ameshika upawa hewani.

“Nyanzobe,” alisema, “huyu ananiogopa.”

“Si wewe, mama.”

Alitamka maneno hayo kabla hajayafikiria, na alipoyafikiria akakaa chini. Kile kipande kilikuwa nyuma ya lango. Kilikuwa kimesikia mlio wa chakula, kimefunguka kama kawaida, na kwenye ufa wa mpira uliochakaa kikaletewa tindikali. Tone tu, lakini lilitosha kukumbukwa. Alikuwa ametaka kujua kama Mlenda anakumbuka, na kama anaweza kufundisha. Majibu yote mawili alikuwa nayo sasa. Mgando wake umegandisha kweli, na ulichogandisha ni kile alichokifanya yeye.

Nyuzi zilizofunga hazinasi risasi, na mchana bomba la shule liliacha kusoma sifuri.

Lutambi alipopigiwa simu hakufikiria sana. “Kitoe hicho kipande. Uoshe tangi zima tena, safari hii usibakize kitu. Hana risasi nyingi sasa, kazi ni ndogo. Atasahau.”

“Na mimi?”

“Wewe umefanyaje?”

“Nitasahau?”

“Mama Sayi,” Lutambi alisema, “mimi nakuletea lori. Ukilikataa, niambie kabla ya Ijumaa.”

Neno lile, atasahau, lilimvuta kuliko alivyopenda. Asubuhi moja tu, na mahali pekee palipokuwa na kumbukumbu ya kitendo chake pangefutwa. Isangabuli nzima isingejua. Mlenda angeanza upya, mjinga na mwenye kuamini, angejifunza mlio wa Mama Holo, angefunguka kila asubuhi kwa furaha kama ile ni furaha, na siku akijaa tena wangemwita kwa mlio ule ule. Nyanzobe aliona aibu iliyomchoma kweli kweli. Akampigia Lutambi, akalikataa lori.

Kisha akafunga bomba la shule kwa mkono wake, akaenda kuwaeleza wazazi yote bila kuficha: alichogundua, alichofanya, na kinachofuata. Alitukanwa, na aliona ni haki yao. Mzazi mmoja alimuuliza kama anapenda zaidi ule ute kuliko watoto wa watu. Akajibu kwamba wake ni mmoja wa watoto hao, na kwamba mpaka mita irudi sifuri, Sayi atakunywa maji ya kisima cha mlimani kama wengine, na yeye mwenyewe atasaidia kuyateremsha. Waliondoka wakinung’unika, lakini kesho yake madumu yalikuwa yamepangwa mlangoni kwake.

Alipomaliza kuyajaza alikwenda tangini. Akauchukua upawa kutoka mkononi mwa Mama Holo, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

“Hutagonga?”

“Sitagonga, mama. Wala wewe. Tusigonge tena kamwe.”

Akaufumba mkono uliojaa magadi, akalala kifudifudi kwenye ukingo, akauzamisha mpaka begani, karibu na pale kipande cha zamani kilipofungwa. Kisha akaufumbua. Nyuzi zote zilizokuwa karibu zilirudi nyuma. Hakuutoa mkono. Magadi yalimwasha kwenye michubuko ya madumu, ubavu ukamuuma, jua likapanda. Mama Holo, ambaye maishani mwake hakuwahi kukaa mahali bila kusema kitu, alikaa juu ya gunia bila kusema kitu.

Muda mrefu ukapita. Ndipo uzi mmoja, ambao ncha yake bado ilionyesha alama ya kisu, ukasogea. Uligusa kifundo cha mkono, ukarudi haraka. Ukaja tena. Safari hii ncha yake ilivimba kidogo sana, ikawa mwangavu.

Mama Holo aliinama mpaka kilemba chake kikakaribia kuanguka majini. “Nyanzobe! Anakula!”

“Polepole, mama,” Nyanzobe alinong’ona, machozi yakimdondoka tangini. “Atadhani tunamwita.”